Namna ya kumwinua mzee kitandani bila presha kushuka ghafla

Baba alianguka alfajiri akienda msalani. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Macho yaliingia giza, mwanangu," akaniambia. Tangu siku hiyo hainuki kwa mkupuo.

Ukisimama, damu nusu lita au zaidi hutelemkia miguuni na tumboni, na presha huanza kushuka. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna ncha za neva zinazohisi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Ukuta ukilegea, habari hufika kwenye shina la ubongo papo hapo: moyo unaharakishwa, mishipa inabanwa. Kijana humalizana na hayo kwa sekunde chache, wala hajui kama kumetokea kitu. Kwa mzee mishipa imekakamaa, na baadhi ya dawa za presha huchelewesha mambo zaidi. Figo nazo husaidia kwa kuzuia chumvi na maji, ila kazi yao ni ya saa na siku.

Kwa hiyo mpe muda. Akiwa bado amelala, achezeshe nyayo juu na chini mara kumi hivi. Misuli ya vigimbi vya miguu husukuma damu irudi juu. Kisha ageuke ubavu, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili. Hapa ndipo penye shida, maana baba hana subira. Namwuliza ameota nini; akimaliza kusimulia, muda umetosha. Asimame akishika kitu kisichosogea, atulie kidogo ndipo aanze kutembea. Akisikia kizunguzungu akae mara moja, asijikaze.

Pima pia. Alale dakika tano, umpime. Asimame, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu, mkono wake ukiushikilia usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mpelekee daktari namba hizo. Dawa usimkatishe mwenyewe.

Ya baba niliiandika kwenye daftari: amelala, 148 kwa 84; amesimama dakika moja, 122 kwa 76. Daktari aliitazama mara mbili, akapunguza dozi ya dawa moja.