Kusoma hitilafu ya vena ya ubongo kwenye MRI: ufuate mshipa hadi unapomwaga damu

Vijishipa vilivyokutana kama mbavu za mwavuli humtisha mgonjwa, na pengine hata daktari aliyeagiza kipimo. Mara nyingi ni hitilafu ya vena ya kimaumbile, DVA, inayoonekana zaidi ubongoni kuliko hitilafu nyingine zote za mishipa.

Hatua ya 1: Picha. Omba T1 ya 3D (picha ya MRI ya maumbile) baada ya kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa), vipande vya milimita 1, pamoja na SWI (picha inayoonyesha damu na vena kwa weusi) na FLAIR (picha inayoonyesha ubongo uliovimba). Gadolini, dawa yenyewe ya kontrasti, ya 0.5 mmol/ml hutolewa 0.2 ml kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 apate ml 12. Angalia figo kwanza. Vipande vya milimita 5 huukatakata mshipa ukabaki nukta inayong'aa, na nukta hiyo hudhaniwa uvimbe.

Hatua ya 2: Mwavuli. Anzia kando ya pembe ya mbele ya ventrikali (chumba cha maji ndani ya ubongo), kisha serebela (ubongo mdogo wa nyuma) karibu na ventrikali ya nne. Katikati ya vijishipa pawe na ubongo wa kawaida. Ukikuta fundo la mishipa lenye ateri nene inayolilisha, hiyo ni AVM (ateri zilizoungana moja kwa moja na vena), na njia yake ya matibabu ni nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Mpini. Hapa usiharakishe. Tengeneza MIP (picha inayounganisha vipande kadhaa kuwa kimoja) ya milimita 10, uizungushe, ufuate mshipa mkusanyaji, yaani mpini wa mwavuli, kipande kwa kipande. Mshipa huo una njia mbili za kumwaga damu. Ya juu hupenya gamba la ubongo, ikaingia vena za juu na kufika, kwa mfano, sinasi ya sajita ya juu (sinasi ni mfereji mkubwa wa vena unaopokea damu ya ubongo). Ya ndani hupita vena za ukuta wa ventrikali, vena ya ndani ya ubongo, vena ya Galen, hadi sinasi nyofu. Usikisie kwa kuangalia mahali: mwavuli ulio ndani kabisa unaweza kumwaga juu. MIP nayo hudanganya, kwani mishipa inayopishana huonekana imeungana. Rudi kwenye vipande vyembamba uhakikishe. Pima kipenyo, na uchunguze pale mshipa unapotoboa dura (utando mgumu unaofunika ubongo), maana ndipo hubana.

Hatua ya 4: Majirani. Kwenye SWI vena yenyewe ni nyeusi kwa sababu damu yake imepungukiwa oksijeni. Usiiite damu iliyovuja. Vena huendelea kutoka kipande kimoja hadi kingine. Doa jeusi la duara kando yake huenda ni kavanoma (kifundo cha vijishipa vyenye kuta dhaifu), na hiyo ndiyo kwa kawaida huvuja. Mkusanyaji usiojaa kontrasti, huku ubongo unaouzunguka umevimba, ni dalili ya damu kuganda: piga simu papo hapo, usingoje ripoti ichapwe. Ikiwa ASL (picha ya MRI ya mtiririko wa damu ya ateri) inang'aa ndani ya vena, shuku kwamba damu ya ateri inaingia moja kwa moja, upendekeze angiografia ya katheta (picha ya mishipa kwa kupitisha mrija). DVA ya kawaida hujaa pamoja na vena nyingine. Ikijaa mapema, shaka yako ina msingi.

Hatua ya 5: Ripoti. Andika hivi: "DVA ya tundu la mbele kulia, mkusanyaji wa milimita 3, unamwaga sinasi ya sajita ya juu, haujabana, hakuna kavanoma." Kama kuna kavanoma inayopangiwa upasuaji, ongeza: "Vena hii inaondoa damu ya ubongo wenye afya, isikatwe wala isifungwe." Ikifungwa, damu hurudi nyuma, ubongo huvimba, na sehemu hiyo hufa.