Masta ya ualimu onlaini kwa ticha wa Historia na Jiografia: cha kuangalia kabla hujalipia fomu

Walimu wengi wakitaka kusoma masta onlaini swali la kwanza ni ada shilingi ngapi, la pili inachukua miezi mingapi. Mimi nakwambia anza na hili, nani atanisimamia disetesheni, yaani ule utafiti mrefu wa kuandika wa mwisho? Huku watu hawafeli kozi jamani, wanakwama kwenye utafiti. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna wenzangu wanne wamemaliza kozi zote, A na B+ tupu, na mpaka leo cheti hawajakigusa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilituma proposo yangu ya kufundisha usomaji wa ramani kidato cha tatu, PDF kurasa 22, nimeiandika usiku kwa bando la chuo maana mchana nina vipindi, ikakaa kwa supavaiza miezi minne ikarudi na neno moja tu: "rekebisha marejeo". Chuo sikitaji ila ada ya mwaka wa nyongeza nililipa mimi.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Jua kwanza kwamba kwa huku kwetu Tanzania ukikaa kutafuta masta iliyoandikwa jina la Maarifa ya Jamii utazeeka, njia ya kawaida ni M.Ed., yaani masta ya elimu, ya mitaala au ya uongozi halafu utafiti wako ndio unaupeleka kwenye somo lako. Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye vituo mikoani, kina M.Ed. ya mitaala na ile ya utawala, mipango na sera ambayo walimu wanaiita APPS. Ukitaka ukuu wa shule au uofisa elimu, APPS inakufaa. Ila kama wewe ni mtu wa darasani, unaumiza kichwa utafundishaje hili somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililokuja na mtaala wa 2023, nenda mitaala. Na kama unachokipenda ni historia yenyewe, sio kuifundisha, chukua M.A. ya Historia tu usijidanganye. Cheki na transkripti yako, maana vyuo vingi vinataka angalau lowa sekondi, yaani GPA ya 2.7 kwenda juu.

Wanaotazama nje sasa. Unisa ya Afrika Kusini wanafundisha kwa masafa tangu 1946 kwahiyo mambo ya posta na mtandao wanayajua kuliko wengi, ila masta zao nyingi ni utafiti mtupu, kama hujawahi kuandika kitu kirefu utateseka. Marekani ndiko utakuta hasa digrii zenye jina la social studies, yaani hayo Maarifa ya Jamii, na hapo watu wanaingia mkenge kwenye herufi. M.A.T. (Master of Arts in Teaching) imetengenezwa kwa mtu anayetafuta leseni ya kufundisha kwenye jimbo fulani la kule, ina mazoezi ya kufundisha ndani yake, wewe uko Njombe leseni ya Ohio ya nini? M.Ed. ndio ya mtu ambaye tayari ni mwalimu. Ada wanahesabu kwa krediti, na masta nyingi ni krediti 30 mpaka 36, sasa tangazo likisema dola 400 kwa krediti usishangilie, zidisha na 36 utapata 14,400, bado ada za teknolojia na usajili. Uliza pia kama vipindi ni laivu, maana saa moja jioni ya New York ni saa nane usiku kwetu, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa tisa, halafu asubuhi uko paredi.

Ithibati, yaani kama chuo kinatambulika rasmi, usiulize wakala, ingia mtandaoni mwenyewe. Chuo cha Marekani kitafute kwenye orodha ya CHEA, baraza la ithibati ya vyuo la kule, cha Kenya kwa CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu, na cheti chochote cha nje ukirudi nacho Tanzania kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutathminiwa, kwahiyo waandikie TCU kabla hujalipa, utaje chuo, jina la programu na kwamba unasoma kwa mtandao, majibu yao uyatunze. Na ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, ya mdomo mkuu akihamishwa imeondoka naye.

Turudi kwa supavaiza sasa. Fungua tovuti ya chuo, tafuta wahadhiri wawili wa hiyo idara wanaoandika kuhusu kufundisha historia, jiografia au uraia, kama hakuna hata mmoja funga hiyo kurasa. Wakiwepo waandikie imeili fupi, mistari sita inatosha, useme unafundisha wapi, unataka kutafiti nini, na uulize wana wanafunzi wangapi wa masta kwa sasa na drafti ya sura moja huwa wanairudisha baada ya muda gani. Wape wiki tatu. Akikaa kimya wakati hata hujawa mzigo wake, unadhani sura ya nne ataisoma lini? Na ofisi ya udahili nayo iulize swali moja tu, walioanza miaka mitatu iliyopita wangapi wameshavaa joho, wakianza kuzungukazunguka na habari za mandhari nzuri ya kujifunzia, hela ya fomu ibaki kwenye simu yako.