Kompyuta Inayojizima Baada ya Kubadilishiwa Prosesa
Kompyuta ikianza kuganda au kujizima baada ya kuwekewa prosesa mpya, usiharakishe kuilaumu prosesa. Hakikisha kwanza kwamba toleo la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) linaitambua, kisha rudisha mipangilio yake ya kiwandani, kwa sababu kasi ya RAM (kumbukumbu ya muda) iliyopandishwa zamani huenda isikubaliane na prosesa mpya. Joto ndilo la kuchunguzwa zaidi hapa Mombasa, ambako katika fukuto la Machi feni huvuta hewa ambayo tayari ina moto. Fungua kipoza joto uitazame krimu ya kupitishia joto iliyopo kati yake na prosesa: ikiwa imetandazika upande mmoja tu, kipoza hakikukaa sawasawa, basi ifute yote kwa spiriti, paka nyingine, na ukaze skrubu kidogo kidogo kwa kufuata pembe zinazokabiliana. Hitilafu ikiendelea, pima RAM kipande kimoja kimoja kwa Memtest86+, programu ya kupimia RAM.