Kabla hujabebesha nyanya za rangi mbili kwenye mche mmoja

Ondoa dhana moja kwanza: kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha mche mmoja juu ya mche mwingine wenye mizizi, hakuchanganyi rangi. Tawi la nyanya ya njano litazaa njano, la nyeusi litazaa nyeusi, na mbegu zake hazibadilishwi na kubebesha. Anayetaka tunda lenye michirizi ya rangi mbili atafute mbegu ya aina hiyo, wembe hautamsaidia.

Vifaa: wembe mpya, spiriti ya kufutia wembe kila unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine, klipu za silikoni za milimita 1.5 hadi 3, chupa ya kunyunyizia maji, na boksi la plastiki lenye mfuniko. Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama unavuta sigara, maana virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwenye vidole. Soma pia pakiti za mbegu. Kama mche mama (ule unaobaki na mizizi) una ukinzani dhidi ya batobato, vikonyo (vipande vya juu unavyoviunganisha) navyo viwe nao. Usipolinganisha, siku virusi vikiingia mche unaweza kunyauka wote, wakati mche wa kawaida ungeishia kuwa na majani ya mabaka tu.

Unene wa mashina ulingane. Shina la milimita 2 juu ya la milimita 4 linagusana upande mmoja tu, maji hayapiti vizuri. Aina huota kwa mwendo tofauti, kwa hiyo panda ile ya polepole siku chache mapema, na usitegemee mbegu kumi kukupa vikonyo kumi.

Kupata matawi mawili yanayolingana, kata ncha ya mche mama juu kidogo ya majani mawili ya kwanza, yale ya mbegu. Machipukizi mawili yatatoka kwenye makwapa yake, moja kila upande. Yakifika unene wa milimita 2 hivi, kata kila moja mshazari wa digrii 45, kata kikonyo mshazari uleule, vibane kwa klipu. Kikonyo kibaki na jani moja au mawili madogo. Hakijaungana na mizizi bado, majani mengi yatakinyonya maji. Mwagilia mche mama siku ya kabla, si asubuhi ya kazi, la sivyo majimaji yatafoka kwenye mkato na kukisukuma kikonyo.

Kisha boksini: giza siku mbili au tatu, joto la nyuzi 25 hadi 28, unyevu wa asilimia 90 kwenda juu. Nyunyizia kuta za boksi, usinyunyizie kiungo, kwa sababu maji yakituama pale panaoza. Siku ya nne anza kufungua mfuniko nusu saa, kesho yake saa moja, ukiongeza taratibu. Majani yakilegea, funika upesi. Ndani ya siku 10 hivi mche unapaswa kusimama wenyewe nje ya boksi, kivulini.

Hadi hapa watu wengi hufika salama, na hapa ndipo hujidanganya kwamba kazi imeisha. Kinachowaumiza ni uchaguzi walioufanya mwanzo kabisa, kabla hata ya kushika wembe: wamechagua rangi, hawakuchagua nguvu.

Chukua mfano unaojirudia sana. Upande mmoja Sun Gold, nyanya cheri ya rangi ya machungwa, inayoiva yapata siku 57 baada ya kuhamishwa shambani. Upande wa pili Cherokee Purple, tunda kubwa la zambarau iliyoiva kwa weusi, inayohitaji kama siku 80. Wiki ya pili matawi yako sawasawa na picha zinapigwa. Wiki ya nne cheri imepita nusu mita, imeanza maua, majani yake yanaifunika jirani. Tawi lenye majani mengi huvuta maji mengi, na ncha inayokua kwa kasi hutuma homoni zinazodumaza ncha nyingine. Lile la zambarau linabaki na vijani vya chini vilivyopauka, ua moja moja linadondoka. Mwenye shamba anadhani tawi lina njaa, anaongeza mbolea ya naitrojeni. Mbolea inakwenda palepale penye nguvu. Mwisho wa msimu ana mche wa cheri wenye kijiti pembeni.

Kwa hiyo linganisha tabia kwanza: ndefu na ndefu, fupi na fupi, cheri na cheri, kubwa na kubwa. Brandywine ya waridi na Cherokee Purple hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa, tena Brandywine ina majani mapana kama ya kiazi, hivyo hutapotea uking'oa machipukizi. Ukishikilia kuchanganya mwenye nguvu na mnyonge, mnyonge afungwe wima kabisa na mwenye nguvu alazwe mshazari. Tawi lililolazwa hupunguza kasi. Ng'oa machipukizi ya pembeni ya mwenye nguvu kila baada ya siku nne au tano. Majani usiyamalize, matunda yataungua na jua.

Funga uzi wa rangi kwenye kila tawi siku ileile ya kubebesha. Chochote kinachochipua chini ya viungo ni cha mche mama, ng'oa. Viungo vikae juu ya udongo. Kikonyo kikigusa ardhi hutoa mizizi yake, na faida ya mche mama inaishia hapo. Kila tawi liwe na kamba yake, kwa kuwa kiungo huchanika matunda yakiwa mazito au upepo ukivuma. Kwenye chungu, chini ya lita 20 usijaribu. Matawi mawili hunywa zaidi ya unavyodhani, na kumwagilia kwa kurukaruka hupasua matunda. Na usiingie kupogoa majani yakiwa bado na umande.