Kabla Hujafungua Kamera: Kumtafuta Daktari wa Akili Mtandaoni

Watu wengi huanza kumtafuta daktari wa akili saa nane za usiku. Usingizi umekata, simu iko mkononi, na jina la kwanza linalojitokeza ndilo linalobonyezwa. Siwalaumu, ila saa hiyo mtu yuko tayari kukubali chochote. Kama unaweza, ifanye kazi hii mchana, siku ambayo una nafuu kidogo, au mwombe mtu unayemwamini mkae pamoja mtafute.

Na kama usiku huohuo unafikiria kujiua, hasa ukiwa umeshajua utatumia nini, achana na kutafuta mtandaoni. Mwamshe mtu wa nyumbani, piga namba ya dharura, au nenda hospitali iliyo karibu. Ni hivyo pia kwa anayesikia sauti zinazomwamuru kufanya jambo, kwa aliyekesha siku tatu nne mfululizo na bado anazidi kuchangamka, na kwa mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla akaanza kutetemeka na kuweweseka. Huyu wa mwisho watu humdharau, wakidhani ni hamu tu ya pombe. Anaweza kufa.

Ukishajua kwamba hali yako inaweza kungoja siku chache, jiulize unamhitaji nani hasa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili alisomea udaktari wa kawaida kwanza, kisha akabobea. Anaweza kuagiza vipimo vya damu na kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia wa tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Mshauri nasaha naye ana kazi yake, na kwa mtu aliyefiwa au mwenye mgogoro wa ndoa huenda yeye ndiye anayefaa zaidi. Tabu ni kwamba programu nyingi za simu huwatia wote kapu moja, zikawaita "wataalamu", na picha zao zote zinatabasamu vilevile. Andika ujumbe kabla ya kulipa: nitaonana na nani, amesomea nini, na anaruhusiwa kuandika dawa mahali nilipo?

Hayo maneno ya mwisho, "mahali nilipo", yana uzito. Leseni ya daktari ina mipaka. Nchini Marekani, kwa mfano, kwa kawaida daktari anatakiwa awe na kibali cha jimbo ambalo mgonjwa amekaa wakati wa mazungumzo, si jimbo ambalo yeye daktari anaishi. Ukivuka mpaka kwenda kusalimia ndugu, huenda miadi yako ikavunjika. Kwa hiyo uliza mapema, na uulize pia kama cheti chake cha dawa kitakubaliwa na duka la dawa unalolitegemea. Mabaraza ya madaktari katika nchi nyingi huweka sajili yao wazi mtandaoni. Chukua jina kamili na namba ya usajili, uangalie mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na daktari wa kweli hakasiriki akiombwa namba yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko mengine yote: maswali atakayokuuliza. Matangazo husifia kasi. Jaza dodoso, ongea dakika kumi, dawa inatumwa. Lakini mazungumzo ya kwanza na daktari wa akili kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na kuna sababu. Chukua mtu anayesema ana huzuni, hana nguvu, hana hamu ya kitu. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyokwisha. Inaweza pia kuwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyozembea, au upungufu wa damu, au athari ya dawa nyingine anayokunywa, kama prednisoloni. Na inaweza kuwa baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kwa uchangamfu na kumshusha kwenye huzuni, iliyo upande wake wa chini. Daktari makini atauliza: umewahi kupitisha siku kadhaa ukipata usingizi wa saa mbili au tatu tu kwa usiku, hujachoka, unaongea bila kupumzika, unatumia fedha ovyo, mpaka watu wakakushangaa? Swali hilo si la udaku. Mtu mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa juu ghafla, akavuruga kazi, nyumba na akiba yake kwa wiki chache. Ukiandikiwa dawa ya sonona bila kuulizwa hilo, bila kuulizwa habari za ukoo wako, pombe, ujauzito na dawa unazotumia, basi shukuru, funga simu, utafute mwingine.

Hata dodoso lenyewe lina mipaka. Lile maarufu la kupima sonona, liitwalo PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupata alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea huashiria kwamba unastahili kuchunguzwa zaidi. Huashiria tu. Namba hiyo haijui kama ulifiwa juzi.

Ndiyo maana ni vizuri uingie kwenye miadi ukiwa na karatasi. Usitegemee kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachoumwa. Andika lini mambo yalianza kubadilika na nini kilikuwa kinaendelea wakati huo. Andika unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, kwa wiki moja tu, si kwa kukisia. Kisha kusanya maboksi yote ya dawa uyaweke mezani, unakili jina kama lilivyoandikwa, miligramu, na mara ngapi kwa siku. Zile ulizoacha uziandike pia. "Nilikunywa wiki tatu, nikaacha kwa sababu ya kichefuchefu" ni habari ya maana kuliko "nilishawahi kupewa dawa fulani nyeupe." Dawa nyingi za sonona huanza kuonyesha kazi yake baada ya wiki mbili hadi sita, kwa hiyo daktari akijua uliacha wiki ya kwanza, hatasema dawa ilishindwa. Dawa za miti shamba uzitaje bila kuona haya, maana nyingine hugongana na za hospitali. Mwulize mama, shangazi au yeyote anayekumbuka kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili au kujiua. Mara nyingi jibu lake litaanza kwa kunong'ona.

Kamera nayo ina upofu wake. Kutibu kwa picha si jambo la jana. Mwaka 1959, huko Nebraska, Marekani, madaktari wa akili walikuwa tayari wanawahudumia wagonjwa kwa televisheni ya pande mbili. Daktari anaona uso wako, anasikia kasi ya maneno yako, na anaweza kukuambia unyooshe mikono mbele ya kamera aone kama inatetemeka. Hawezi kunusa pombe, kupima presha, wala kukuona ukitembea kutoka mlangoni. Kwa hiyo ujue mapema utapimiwa wapi. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, lazima apimwe damu mara kwa mara: kiwango cha dawa yenyewe, figo na thairoidi, kwa kuwa nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu. Klozapini, dawa ya magonjwa mazito ya akili, inahitaji kuangaliwa chembe nyeupe za damu, hasa miezi ya mwanzo. Dawa kama olanzapini huongeza uzito na zinaweza kupandisha sukari, hivyo mizani ya nyumbani inakuwa kifaa cha tiba. Mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kwa jina kuhusu valproeti, dawa ya kifafa na baipola, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mtoa huduma asiyejua utapima wapi damu hana tiba kamili ya kukupa kwa dawa hizi. Na kuna zile zinazodhibitiwa kisheria, kama diazepamu ya kutuliza wasiwasi na nyingine za kundi lake, au dawa za kuchangamsha zinazotolewa kwa tatizo la umakini. Nchi nyingi huziwekea masharti makali, na huenda ukatakiwa kuonana na daktari ana kwa ana kwanza. Anayeziahidi kabla hajakuona ananitia shaka.

Siri ina sehemu mbili, na watu hukumbuka moja. Ya kwanza ni kampuni yenyewe. Mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji ilidai kwamba BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali iliahidi kuzitunza. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa. Somo langu hapo ni dogo: yale maswali unayojaza "bure" kabla hujajisajili tayari ni taarifa zako za afya. Soma wanasema nini kuhusu kuwashirikisha wengine, na tumia barua pepe ambayo hutumii kazini.

Sehemu ya pili ya siri ni nyumbani kwako. Hedifoni huficha sauti ya daktari, hazifichi yako. Nimeona jinsi inavyokuwa: mtu amekaa sebuleni, ameulizwa "unajisikiaje?", dada yake anapita na ndoo, naye anajibu "mzima tu." Dakika tano za miadi zimeliwa na ndoo. Tafuta chumba chenye mlango, au gari lililoegeshwa, au washa redio nje ya mlango. Ukiishi na mtu unayemwogopa, kubaliana na daktari neno moja la kawaida ambalo ukilisema atajua kwamba huwezi kuongea sasa. Hakikisha pia simu ina chaji na bando linatosha kwa picha ya saa nzima, na mkubaliane nani atampigia mwenzake mtandao ukikatika.

Usishangae daktari akianza kila miadi kwa kuuliza uko wapi wakati huo na nani apigiwe mambo yakiharibika. Wengine huona anawachunguza. Mimi naona ni dalili nzuri kuliko vyeti vyake ukutani, kwa maana huyo amefikiria siku ambayo utanyamaza ghafla katikati ya sentensi. Chagua mtu huyo mapema, umwombe ruhusa, na umwambie angalau kwamba unatibiwa. Nawe uulize upande wako: nikizidiwa Jumamosi usiku nani atajibu? Kama jibu ni barua pepe itakayosomwa Jumatatu, unahitaji kujua hospitali yako ya usiku ni ipi kabla Jumamosi haijafika.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uliza bei ya miadi ya kwanza na ya zile zinazofuata, kwani zinazofuata huwa fupi. Uliza kama bima inahusika, na utajitoaje ukichoka. Kufuta usajili kwenye baadhi ya programu ni kazi kuliko kujisajili. Uliza pia kama utapewa nakala ya kumbukumbu zako, usije ukasimulia yote upya kwa daktari mwingine.

Mwisho kabisa, siku utakayopata dawa, zihesabu. Vidonge 28, kimoja kwa siku, vinakwisha siku ya ishirini na nane, na miadi ikiwa siku ya thelathini na tano una wiki nzima bila dawa. Kuacha ghafla baadhi ya dawa hizi huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na mshtuko kama wa umeme kichwani, na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Kabla ya kufunga kamera, mwambie daktari hesabu haijatimia, arekebishe tarehe hapohapo.