Msingi kwenye udongo wa mbuga, shughulika na maji kabla ya nondo

Udongo wa mbuga, ule mweusi ambao kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa na mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu hadi unatembea kama bata, watu wanausingizia ulaini. Sio ulaini jamani, ukikauka huo unarudisha jembe. Shida ni kwamba unavimba ukinywa maji na unasinyaa ukikauka, na haufanyi hivyo sawasawa, kona moja inapanda nyingine imebaki, ndo unaona ufa wa mshazari umeanzia kona ya dirisha na mlango umegoma kufunga. Na nyumba nyepesi ya chini ndo inaumia zaidi, haina uzito wa kuukandamiza.

Anza kwa kupima. Kausha udongo, usage, upitishe kwenye chekeche la tundu 0.425 mm, pima gramu 10 mara mbili. Fungu moja weka kwenye silinda ya maji yenye alama za mililita, lingine kwenye silinda kama hiyo ya mafuta ya taa, koroga kutoa hewa, acha masaa 24. Kwenye mafuta hauvimbi, kwa hiyo ukikuta huko umesimama kwenye mililita 10 na kwenye maji uko 20, umevimba asilimia 100, na hapo usiende na msingi wa kawaida.

Kama tabaka lake ni jembamba, chimba utoe wote, rudishia moramu kwa tabaka za kama 150 mm na kila moja ishindiliwe. Mchanga hapana! Unashika maji kama ndoo na kuyanywesha udongo uliobaki pembeni, hili kosa naliona sana. Kama ni nene kuna jamvi la zege, yaani bamba moja chini ya nyumba nzima, lenye mikanda ya kulikaza, au nguzo zinazoshuka hadi chini ya pale udongo unapobadilika kwa misimu, na chini ya mikanda inayounganisha nguzo acha nafasi tupu ili udongo ukivimba usiisukume juu. Kuchanganya chokaa kunasaidia pia, ila kiasi chake kitoke maabara. Nondo apige hesabu injinia, sio fundi kwa kukadiria.

Mtaro wa msingi usiuache wazi wiki nzima juani, umwagie zege jembamba la chini mapema kabla haujapasuka.

Halafu maji. Zungushia nyumba sakafu ya nje walau mita 1 inayoteremka kwenda mbali na ukuta, weka gata, shimo la choo likae mbali. Mti mkubwa uwe mbali angalau sawa na urefu wake, mizizi inanyonya maji upande mmoja na udongo unasinyaa huko tu. Na bomba linapopita ukutani liachie nafasi na kiungo kinachocheza kidogo, maana ukuta ukisogea bomba linakatika, linavuja chinichini na wewe hujui, udongo unakunywa tu.