Jinsi ya kuziba pengo la umri kazini

Kabla ya kumlaumu mwenzako kwa sababu ya umri wake, chunguza kwanza kama tofauti iliyopo inatokana na kizazi kweli, au ni suala la cheo na muda aliokaa kazini. Mwanasosholojia Karl Mannheim, katika insha yake ya mwaka 1928, alieleza kwamba kizazi hakiundwi na miaka ya kuzaliwa peke yake, bali na matukio ambayo watu waliyapitia pamoja wakiwa vijana. Hivyo aliyeanza kazi enzi za taipureta na aliyeanza na simu mkononi hupishana zaidi kwa mazoea kuliko kwa bidii.

Ugomvi mwingi, kwa maoni yangu, huzaliwa kwenye mawasiliano. Ujumbe wa "sawa" usio na salamu, ambao kijana ameuandika kwa nia njema, mkubwa wake huusoma kama utovu wa adabu, na simu ya ghafla ya mkubwa huyo humshtua kijana akadhani ameharibu jambo. Kaeni pamoja mkubaliane kwa maandishi: la dharura lipigiwe simu, maamuzi yawekwe kwenye baruapepe, na baada ya saa za kazi asiwepo anayelazimika kujibu.

Kisha wapange wafanyakazi wawili wawili, kijana na mzee, wafundishane. Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya General Electric, aliwaagiza mameneja wake wafundishwe intaneti na wafanyakazi vijana. Utaratibu huo hufaa zaidi pale mzee naye anapokuwa na la kufundisha, kwa mfano namna ya kumtuliza mteja aliyekasirika, na vikao vyao vikifanyika ndani ya saa za kazi.